Kosa namba 54, hapa jirani Tyler

Kimya changu ni cha zamu za usiku, nne mfululizo, na mtu akitoka zamu ya nne hana hamu ya kitu zaidi ya mto. Leo niko mapumzikoni, wali uko jikoni, tuongee.

Mdogo wangu wa mwisho, yule anayesoma mambo ya kompyuta Dodoma, hunitumia habari za teknolojia kila wiki. Simu mpya, programu mpya, nani kanunua kampuni ya nani. Nyingi nazipita tu, maana mimi simu ikipiga na kupokea imetosha. Lakini juzi kanitumia habari ya akili mnemba inayosoma picha za eksirei hospitalini, na chini yake kaandika: "Dada, mashine zikianza kuamua zenyewe, nyie manesi si mtakaa mnakunywa chai tu?"

Nilicheka. Halafu nikaona jibu lake ni refu kuliko ujumbe wa simu, na wala si jibu la akili mnemba. Ni habari ya mashine ya zamani, ya miaka ambayo mimi nilikuwa sijazaliwa, na sehemu kubwa ya mkasa wake ilitokea hapa hapa Texas, mji wa Tyler, kama kilomita 160 mashariki ya Dallas. Mkipita Tyler leo mtaambiwa habari za maua ya waridi, ndiyo sifa ya mji. Hii ninayosimulia hamtaambiwa.

Mashine yenyewe iliitwa Therac-25. Ilitengenezwa na kampuni ya serikali ya Kanada, Atomic Energy of Canada Limited, kwa kifupi AECL, na ilianza kuuzwa mwishoni mwa 1982. Zilifungwa 11 tu, 6 Kanada na 5 Marekani. Kazi yake ilikuwa kutibu saratani kwa mionzi, na iliwatibu watu wengi sana bila tatizo lolote. Lakini kati ya Juni 1985 na Januari 1987 wagonjwa 6 walipigwa mionzi mara nyingi kupita dozi waliyoandikiwa. Angalau watatu walikufa kwa sababu hiyo.

Ngoja nieleze inavyofanya kazi, kwa lugha ya nyumbani. Mashine inarusha elektroni kwa kasi kubwa. Uvimbe ukiwa karibu na ngozi, mgonjwa anapigwa elektroni zenyewe, zikiwa zimesambazwa taratibu. Uvimbe ukiwa ndani zaidi, elektroni hizo hugongeshwa kwenye kipande cha chuma na upande wa pili zinatoka eksirei. Nguvu nyingi inapotea hapo katikati, kwa hiyo ili kupata eksirei ya kutosha inabidi mkondo wa elektroni uwe mkubwa kama mara 100 hivi kuliko ule wa matibabu ya juu ya ngozi. Vifaa vya kila aina ya matibabu vimewekwa kwenye sahani moja kubwa inayozunguka. Ukitaka elektroni sahani inazunguka hapa, ukitaka eksirei inazunguka pale. Hatari mnaiona wenyewe: ule mkondo mkubwa ukifunguliwa wakati sahani iko upande usio wake, hakuna chuma cha kuuzuia, na mgonjwa anaupata wote.

Mashine zilizotangulia, Therac-6 na Therac-20, ambazo AECL walizitengeneza pamoja na kampuni ya Kifaransa ya CGR, zilikuwa na kinga za waya na chuma. Sahani ikikaa vibaya, umeme unakatika wenyewe, uwe na kompyuta usiwe nayo. Kwenye Therac-25 wakubwa waliona kompyuta inatosha kulinda, na kinga nyingi za namna ile hazikuwekwa. Programu yenyewe iliandikwa na mtu mmoja, kwa miaka kadhaa, ikirithi vipande vya programu za zile mashine za zamani. Mtu huyo aliondoka kwenye kampuni mwaka 1986, na jina lake halikuwahi kutangazwa.

Hapa mdogo wangu asome mara mbili. Machi 1983 kampuni ilifanya uchunguzi wa usalama wa mashine hiyo, na programu haikuguswa. Hoja yao ilikuwa kwamba programu haichakai. Hilo ni kweli, programu si tairi, haiishi kwa kusugua lami. Ila tairi likitoka kiwandani na tundu nalo halijachakaa bado.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama wa miaka 61, Marietta, jimbo la Georgia, tarehe 3 Juni 1985. Alikuwa ametolewa uvimbe kwenye titi na sasa anapigwa mionzi kwenye tezi za karibu na bega. Mashine ilipowashwa alisikia joto kali likimpiga, na mwendesha mashine alipoingia chumbani yule mama akamwambia umeniunguza. Akajibiwa kwamba haiwezekani. Na kweli wakati ule hakukuwa na alama ya kuonekana, ngozi ilikuwa ya moto kidogo tu ukiigusa. Siku chache baadaye ikawa nyekundu, halafu maumivu, halafu bega likakakamaa. Baadaye titi lilibidi kuondolewa, na mkono na bega vikapoteza kazi. Mwanafizikia wa hospitali alikuja kukadiria kwamba alipigwa kati ya rad 15,000 na 20,000. Dozi ya kawaida ya siku moja ni kama rad 200.

Yule mwanafizikia aliuliza kampuni kama mashine inaweza kurusha mkondo bila kuusambaza. Baada ya siku chache akajibiwa haiwezi.

Hilo neno haiwezekani litunzeni, maana ndilo habari nzima.

Julai 26 mwaka huo huo, Hamilton, Ontario, Kanada. Mama wa miaka 40 mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Mashine ilizima baada ya sekunde 5 ikaonyesha hitilafu, na kwenye kioo ikaandika kwamba dozi haijatoka. Mwendesha mashine akabonyeza P, yaani endelea. Ikazima tena. Akabonyeza tena. Jumla ilizima mara tano. Mgonjwa akasema anasikia kuungua, kama kupigwa na umeme nyongani. Fundi akaitwa, hakuona kitu. Kampuni ilikuja na kuhisi kwamba kuna swichi ndogo ya kutambua mkao wa sahani iliyodanganya. Hawakuweza kuirudisha ile hitilafu itokee mbele yao, lakini walibadilisha mambo kwenye swichi na kutangaza kwamba sasa usalama umeongezeka kwa zaidi ya mara 100,000. Mimi si mtu wa hesabu, lakini nikisikia ugonjwa usiojulikana umetibiwa kwa mafanikio ya mara laki moja, nashika mkoba wangu vizuri. Yule mama alifariki Novemba kwa saratani yake. Ilionekana kwamba angeishi, nyonga ingebidi ibadilishwe, maana mionzi ilikuwa imeiharibu.

Desemba 1985, Yakima, jimbo la Washington. Mgonjwa mwingine wa kike akatokwa na wekundu wa mistari sambamba kwenye nyonga. Wauguzi na madaktari walihangaika kutafuta sababu. Wakaona labda ni blanketi dogo la umeme alilokuwa akilalia nyumbani, wakalipiga picha ya eksirei waone nyaya zake zimepangwaje. Nyaya hazikulingana na mistari. Wakaiandikia kampuni. Februari 1986 likaja jibu la kurasa mbili, la kitaalamu kabisa, kwamba jeraha lile haliwezi kutokana na mashine yao, na kwamba hakuna tukio kama hilo lililowahi kuripotiwa kwingine. Kumbukeni Marietta na Hamilton zilishatokea.

Sasa twende Tyler.

Hospitali ilikuwa East Texas Cancer Center. Walikuwa na Therac-25 kwa kama miaka miwili, wametibu wagonjwa zaidi ya 500. Tarehe 21 Machi 1986 akaja bwana mmoja kwa matibabu yake ya tisa. Alishatolewa uvimbe mgongoni na alikuwa amezoea: unalala kifudifudi, dakika chache, unavaa shati unaondoka. Mwendesha mashine alikuwa mwanamke mzoefu, mwenye vidole vyepesi. Akaandika maelezo ya dozi kwenye kompyuta nje ya chumba. Kwenye aina ya mionzi akagonga x, ya eksirei, kumbe huyu ni mgonjwa wa e, elektroni. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa wa x, mkono ulishazoea. Akaona, akapandisha mshale juu, akabadilisha x kuwa e, akashuka kwa kubonyeza kitufe cha kukubali mstari baada ya mstari, kioo kikaandika kila kitu kiko sawa. Akawasha.

Mashine ikasimama. Kwenye kioo: Malfunction 54. Kosa namba 54. Kwenye karatasi iliyokuja na mashine, maelezo ya namba hiyo yalikuwa maneno mawili na tarakimu, kitu kama dozi ingizo 2. Kumbe maana yake ni kwamba dozi imetoka kubwa mno au ndogo mno, moja kati ya hizo! Kioo chenyewe kilionyesha kwamba dozi iliyotoka ni ndogo, 6 tu kati ya 202 zilizotakiwa. Mashine ile ilikuwa na tabia ya kusimamasimama, na kwenye kliniki nyingine kuna siku hitilafu zilifika 40. Akabonyeza P kama siku zote.

Ndani ya chumba yule bwana alikuwa amepigwa mgongoni. Alieleza baadaye kwamba ilikuwa kama kupigwa shoti ya umeme, au kama mtu kammwagia kahawa ya moto. Alishalala kwenye mashine ile mara nane, akajua hiki si cha kawaida. Akaanza kuinuka aombe msaada, na hapo P ikabonyezwa, kipigo cha pili kikampata mkononi. Akaenda mlangoni akaanza kuugonga kwa nguvu. Mwendesha mashine hakuwa na habari. Chumba kilikuwa na kamera na chombo cha kusikilizana, lakini siku ile kamera haikuchomekwa kwenye umeme na chombo cha sauti kilikuwa kibovu.

Mimi hapa huwa nasimama kusoma. Nimefanya kazi usiku peke yangu na wagonjwa 6, najua ilivyo kutegemea kioo kukuambia hali ya mtu aliye nyuma ya mlango.

Daktari alimwangalia, akaona wekundu, akafikiri ni shoti ya umeme. Mashine ikapimwa, ikaonekana haina kosa, wagonjwa wengine wakaendelea kutibiwa siku ile ile. Ukweli, uliokadiriwa baadaye, ni kwamba alipata kati ya rad 16,500 na 25,000 kwa muda usiofika sekunde moja, sehemu ndogo ya kama sentimita moja. Mkono wa kushoto ukapooza, kisha miguu, sauti ikapotea. Alifariki baada ya miezi mitano.

Wahandisi wa kampuni walifika kesho yake. Walijaribu, wakajaribu, kosa 54 halikutokea. Wakasema mashine haiwezi kuzidisha dozi, na kwamba hawajui ajali nyingine yoyote ya namna hiyo, huenda hospitali ina hitilafu ya umeme. Ikaitwa kampuni nyingine huru kupima umeme, ikasema haioni mashine ile itampigaje mtu shoti. Basi, Aprili 7 mashine ikarudi kazini.

Aprili 11, siku 4 baadaye, mwendesha mashine yule yule, mgonjwa mwingine. Saratani ya ngozi pembeni ya uso. Akaandika x, akaona, akapanda na mshale, akaandika e, akashuka, akawasha. Malfunction 54. Safari hii chombo cha sauti kilikuwa kizima, akasikia mlio mkubwa na mgonjwa akigumia. Akakimbia ndani. Yule mgonjwa alisema anasikia moto usoni, ameona mwanga na kusikia sauti kama ya kitu kinachokaangwa. Alifariki Mei 1, wiki tatu baadaye. Ubongo wake upande wa kulia ulikuwa umeungua kwa mionzi.

Na hapa ndipo hospitali ndogo ya Tyler iliposhinda kampuni nzima. Mwanafizikia wao, Fritz Hager, aliifunga mashine siku ile ile, akakaa na yule mwendesha mashine mbele ya kioo. Yule mama alikumbuka kila alichofanya, kibonye kwa kibonye. Wakarudia, wakarudia, mpaka wakagundua siri: ni kasi. Ukifanya masahihisho polepole, mashine iko salama. Ukiyafanya haraka, kosa 54 linakuja. Hager akapiga simu kampuni kuwaeleza. Mhandisi wao akajaribu kule kwao, akasema mbona halitokei. Akaambiwa ongeza kasi ya kuandika. Kesho yake na wao wakalipata.

Sababu yenyewe ni hii. Ukishaandika x, mashine inaanza kupanga sumaku zake, kazi ya kama sekunde 8. Ndani ya sekunde hizo, sehemu moja ya programu haikuwa inaangalia kama mtu amebadilisha mawazo. Kwa hiyo sehemu moja inashika x, nyingine inashika e. Mkondo unatoka mkubwa wa eksirei, sahani imekaa mkao wa elektroni. Kioo kinaonyesha e, kisafi kabisa. Wahandisi waliopima mashine walikuwa watu wa kuandika taratibu, kidole kimoja kimoja, kwa kuwa wao si kazi yao ya kila siku. Kosa lilimsubiri mtu aliye hodari. Kwa hiyo nikisoma mahali watu wanaandika kwamba ilikuwa uzembe wa mwendesha mashine, nakasirika kweli. Mama yule aliirekebisha x yake kama inavyotakiwa, na bila kumbukumbu yake sijui wangeua wangapi zaidi.

Unajua kampuni ilifanya nini baada ya hapo? Aprili 15 ilituma barua kwa wenye mashine zote kwamba wasitumie tena kibonye cha mshale wa juu. Waking'oe kifuniko chake, na chini yake wabandike ile tepu nyeusi ya mafundi umeme. Mashine ya mionzi ya hospitali inatibiwa kwa tepu kama waya wa pasi! Na barua haikueleza hatari ni nini. Mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, FDA, ilitangaza Mei 2 kwamba mashine ina kasoro, na ikaikataa barua ile kama dawa ya kutosha. Agosti 1986 wenye mashine hizo wakakutana wao kwa wao kwa mara ya kwanza. Fikiria, ndipo watu wa hospitali mbalimbali walipoanza kuambiana mambo ambayo kila mmoja aliambiwa yako kwake tu.

Kuna kisa kimoja cha Chicago nakipenda. Chuo Kikuu cha Chicago walikuwa na ile ya zamani, Therac-20, ya kufundishia pia. Kila muhula ukianza na wanafunzi wapya, mashine ilikuwa ikikata fyuzi ovyo. Wanafunzi wakishazoea, fyuzi zinatulia. Baada ya habari za Tyler, mwanafizikia wao Frank Borger akajaribu, akakuta kosa lile lile limo ndani ya programu ya Therac-20 pia. Wanafunzi kwa kubonyezabonyeza bila mpango walikuwa wakiliamsha. Lakini pale kulikuwa na fyuzi na kinga za chuma, kwa hiyo hasara ilikuwa kununua fyuzi. Kosa moja, mashine mbili. Huku wanabadilisha fyuzi, kule wanazika.

Mambo hayakuisha hapo. Januari 17, 1987, Yakima tena, mgonjwa wa kiume aliyetakiwa kupata jumla ya rad 86 akapata kati ya 8,000 na 10,000. Akafariki Aprili. Hili lilikuwa kosa jingine kabisa. Ndani ya programu kulikuwa na namba inayoongezeka moja moja kila mashine inapojikagua, na sifuri ilikuwa na maana kwamba hakuna haja ya kukagua mkao wa sahani. Namba hiyo mwisho wake ni 255, ikizidi inarudi sifuri, kama mita ya gari la zamani ikifika 99,999. Kwa hiyo mara moja katika kila mara 256, ukaguzi ulirukwa. Mtu akibonyeza kitufe sekunde hiyo, basi. Mwezi uliofuata FDA ikashauri Therac-25 zote zisimamishwe mpaka zirekebishwe, na marekebisho yaliyokubalika mwaka huo 1987 yalirudisha kinga za umeme na chuma. Yaani walirudi kwenye fyuzi.

Habari yote hii tunaijua kwa undani kwa sababu Nancy Leveson na Clark Turner waliichimba na kuichapisha mwaka 1993. Mashtaka yenyewe yalimalizwa nje ya mahakama.

Msidhani ni mambo ya mionzi tu. Uingereza shirika la posta lilitumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon kuanzia 1999. Mfumo ulisema pesa zimepungua, wenye vituo vidogo vya posta wakasema hatujaiba, na kwa sababu kompyuta haikosei zaidi ya 900 wakatiwa hatiani. Bunge lilifuta hukumu nyingi kwa sheria moja mwaka 2024. Na kwenu huko mnajua sauti yake: unafika dirishani, risiti iko mkononi, unaambiwa mfumo unaonyesha hujalipa. Nani anaaminiwa, wewe na karatasi yako au kioo ambacho hata huoneshwi?

Kazini kwangu kila dawa naipitisha kwenye kisomeo, napitisha mkanda wa mkononi wa mgonjwa, kompyuta inasema kijani au nyekundu. Nakipenda chombo hicho, kimezuia mengi. Pampu za dripu zinalia, vipima moyo vinalia, kitanda kinalia. Sehemu kubwa ya milio hiyo haina maana, mgonjwa kajigeuza tu, na mwili wenyewe unajifunza kutosikia. Ndiyo maana zile hitilafu 40 sizishangai hata kidogo. Ukimlilia mtu mara 40 kwa siku bila sababu, ya 41 umeshamfundisha kubonyeza P. Kuna mahali niliwahi kufanya kazi mgonjwa analalamika mkono unawaka, pampu inaonyesha kila kitu shwari, na msimamizi akasema tuifuate pampu. Nilimfunua mgonjwa shuka nikaangalia mkono. Dripu ilikuwa imetoka nje ya mshipa, mkono umevimba kama andazi.

Zamani, hospitali za Marekani hazikubanwa na sheria kuripoti mambo kama haya. Wenye viwanda ndio waliotakiwa. Mwaka 1990 ikapita sheria kwamba hospitali nayo lazima iripoti kifo au jeraha kubwa lililosababishwa na kifaa. Ripoti za namna hiyo zipo mpaka leo, na nyingi zinaanza na sentensi ya mgonjwa, alisema nini, saa ngapi.

Sasa niseme la nyumbani, maana najua wengine mmeshaanza kuogopa. Mama mkubwa anaanza mionzi Ocean Road, na binti yake ameniuliza kama itamuunguza. Mama mkubwa, shikamoo. Mionzi ni tiba nzuri, inaponya watu wengi sana, na mashine za leo zimejengwa na watu waliosoma habari hii ya Tyler shuleni. Wakati wa kupigwa hutasikia kitu, ni kama kupigwa picha. Ngozi kuwa nyekundu au kuwa nyeusi na kuwasha baada ya wiki mbili tatu ni kawaida, waambie kliniki watakupa cha kupaka, usipake mafuta yoyote ya kwako bila kuuliza. Lakini joto kali la ghafla pale pale kitandani si kawaida. Ukilisikia, inua mkono, piga kelele, wanakuona na wanakusikia kutoka nje. Na siku ya kwanza kabla hujalala, muulize mtaalamu akuoneshe kamera iko wapi na sauti inapitia wapi. Hawatakasirika, ni swali zuri.

Binti yake aandike kwenye daftari tarehe na kila anachosema mama, hata kama ni dogo. Anitumie picha ya ukurasa kila Ijumaa, nitasoma nikitoka zamu.